Kutu, Spana na Ubao: Gari Bovu kama Zana ya Kufundishia

Tunapotaja zana za kufundishia katika vyuo vyetu vya ualimu, mawazo ya wengi hukimbilia chati za karatasi, kadi za maneno, vifuniko vya chupa za soda na mifano ya udongo wa mfinyanzi. Zana hizo ni njema na zimetufaa kwa miaka mingi. Walakini makala haya yanakusudia kuwashawishi walimu wenzangu kwamba iko zana nyingine, kubwa, chafu na nzito, ambayo imetelekezwa katika nyua nyingi za vijiji na miji yetu huku tukiipita kila siku bila kuitazama. Zana hiyo ni gari la zamani lililoliwa na kutu. Nashikilia kwamba kulifufua gari la namna hiyo polepole, nyumbani au shuleni, kwa saa za ziada, ni somo kamili la sayansi, la hisabati, la lugha na la tabia ya kazi. Na kwamba mwalimu aliyepata kulifanya hilo kwa mikono yake hufundisha vizuri zaidi kuliko yule aliyeishia kulisoma.

Hoja hii ina uzito wa pekee wakati huu. Tangu Januari 2024 baadhi ya shule za sekondari nchini zimeanza kufundisha mkondo wa amali, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Maana yake ni kwamba walimu tunaowaandaa leo watatakiwa kusimama mbele ya vijana na kuwafundisha kazi, si kuwasimulia kazi. Karakana zenye mashine mpya hazitafika kila shule kwa siku moja. Je, mwalimu aliyepangwa katika shule ya kijijini atachora spana ubaoni mpaka lini?

Msingi wa maoni yangu ni kazi niliyoifanya mwenyewe wakati wa likizo na siku za Jumamosi, nyumbani kwangu Busi, katika wilaya ya Kondoa. Gari lenyewe ni Land Rover ya inchi 109, ya toleo la Series IIA, lile lililotengenezwa kuanzia mwaka 1961 hadi 1971. Lilipoletwa halikuwa na betri, viti vyake vilikuwa makao ya panya, na injini ilikuwa imeng'ang'ania kiasi kwamba haikuzunguka hata kwa hendeli. Majirani walilitazama, wakaliita mkweche, wakaniuliza kama nimekusudia kufuga kuku. Nilijenga kibanda cha miti na mabati juu yake, nikaanza.

Yafaa nieleze kwa nini gari la aina hii ni mwalimu mzuri kuliko mengine. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza hadharani katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma cha pua kilikuwa kikitolewa kwa mgawo. Kwa sababu hiyo waundaji waliifanya bodi kwa aloi ya alumini, iliyopatikana kwa urahisi zaidi, ilhali chasisi, ukuta wa mbele unaotenga injini na abiria, na fremu za milango vikabaki vya chuma. Basi uhaba wa miaka hiyo ukaandikwa ndani ya gari lenyewe, na mwanafunzi anaweza kuusoma hadi leo kwa kutumia sumaku ndogo. Akiipitisha sumaku juu ya bawa la gari haishiki; akiipeleka kwenye chasisi inanasa. Hapo pana somo la historia ya uchumi na somo la metali kwa pamoja, na hakuna karatasi iliyochapishwa.

Kuna jambo la ziada ambalo vitabu vyetu hulipita haraka. Metali mbili tofauti zikigusana, na unyevu ukapata nafasi kati yake, hufanya kama betri ndogo: ile iliyo tendaji zaidi huliwa. Ndiyo maana katika milango ya Land Rover, pale ngozi ya alumini ilipokunjwa juu ya fremu ya chuma, mara nyingi utakuta unga mweupe umejaa kama chokaa. Alumini imeliwa kwa ajili ya chuma. Mwanafunzi aliyekariri mfululizo wa utendaji wa metali kwa ajili ya mtihani, akiuona unga huo na kuugusa kwa kidole, huuliza swali ambalo sijapata kulisikia darasani: "Sasa mwalimu, tukitia mpira au rangi katikati, je, utaacha?" Jibu ni ndiyo, utapungua sana, naye amekwisha kuwa mhandisi kwa dakika hiyo.

Uwanda wa kati wa nchi yetu una faida moja katika kazi hii. Kutu haifanyiki bila maji na oksijeni kuwapo pamoja, na chumvi huiharakisha. Gari lililokaa Tanga au Unguja huliwa upesi na hewa ya bahari. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi ya ukavu. Kwa hiyo bodi ya gari lililoachwa juani Kondoa aghalabu hudanganya: kwa nje ni zima, rangi tu imepauka. Ubovu umejificha mahali vumbi na matope vilipojazana na kuhifadhi unyevu muda mrefu baada ya mvua kwisha. Chasisi ya Land Rover ni boksi refu lililoundwa kwa vipande vya bamba vilivyochomelewa, na ndani yake ni wazi. Tope likiingia humo halitoki. Huoza kutoka ndani kuja nje, na siku tundu linapoonekana, jirani zake wote wamekwisha kuwa wembamba kama karatasi.

Namna ya kuutambua ubovu huo ni ya zamani kuliko magari. Mama zetu sokoni hupiga chungu kwa ukucha na kusikiliza kabla ya kulipa. Chasisi nayo hugongwa kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, toka mbele hadi mhimili wa nyuma. Penye uzima hulia. Penye uozo hutoa sauti ya mfu. Niliwaona vijana wa sekondari waliokuja kunitembelea wakati wa likizo wakiligonga gari hilo kwa zamu, wakitia alama ya chaki kila palipokuwa na shaka, kisha wakichora ramani ya chasisi katika daftari. Baadaye tulitoboa kwa tindo pale walipotia alama. Sehemu nyingi walikuwa sahihi. Wakazi wa Irangi tunaijua hali hii hata katika ardhi yetu: nyasi juu, korongo chini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, ulioanza mwaka 1973 na kufuatiwa na kuhamishwa kwa mifugo kutoka eneo lililomomonyoka mwaka 1979, ulitufunza kizazi kizima kuutafuta uharibifu mahali usipoonekana. Nimeona kwamba mfano huo huwaingia wanafunzi wa huku kwa wepesi kuliko mfano wowote wa kitabuni.

Natoka sasa kwenye utambuzi naingia kwenye tiba. Darasani somo la kutu hufundishwa kwa misumari mitatu katika chupa tatu: moja kavu, moja yenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, moja yenye maji ya kawaida. Ni jaribio zuri, lakini msumari ulioshika kutu ndani ya chupa haumpi mtu hasara yoyote. Boliti iliyoshika kutu katika springi ya gari unalolihitaji ni habari nyingine. Hapo mwanafunzi anataka kwa moyo wote kutu itoke.

Tulitumia vitu vya nyumbani. Ukwaju, ambao haukosekani Dodoma, una asidi inayoitwa tatariki, na asidi hiyo huyeyusha kutu taratibu. Boliti na vipande vidogo tulivilaza katika maji mazito ya ukwaju kwa siku mbili tatu, kisha tukavisugua kwa brashi ya waya, tukavisuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, tukavikausha juani papo hapo na kuvipaka oili. Ukichelewa kuvikausha hushika kutu upya mbele ya macho yako, jambo ambalo nalo ni somo. Vipande vikubwa vilihitaji umeme. Weka maji katika pipa la plastiki, tia magadi soda kiasi. Tundika kipande chenye kutu na ukiunge na ncha hasi ya betri ya volti 12. Tundika kando yake chuma chakavu kisichohitajiwa, ukiunge na ncha chanya. Hakikisha vyuma hivyo viwili havigusani. Kutu hulegea na kuanguka kama tope jeusi. Paneli ya umeme wa jua ilitosha kuijaza betri. Lakini natoa tahadhari tatu ambazo mwalimu hana ruhusa ya kuzisahau: kazi hiyo ifanyike nje penye upepo, mbali na moto, kwa sababu hutoka gesi ya haidrojeni inayolipuka; chuma cha ncha chanya kisiwe kile kisichoshika kutu cha aina ya masufuria na vijiko, kwani huacha sumu ya kromu katika maji; na alumini isitiwe humo kamwe, maana maji ya magadi huila.

Watu wengi wa huku hupaka mafuta ya alizeti juu ya chuma ili kukikinga. Yanafaa kwa muda mfupi. Mafuta hayo hukauka nusu na kugeuka ulimbo, na boliti uliyoipaka mwaka huu itakulilia mwaka ujao.

Hisabati ilijitokeza bila kualikwa. Boliti nyingi za gari hili hupimwa kwa inchi, na spana zinazouzwa katika maduka yetu ni za milimita. Kijana mmoja alishika spana ya milimita 11 akakasirika kwa nini haiingii kwenye nati ya inchi 7/16. Tukakaa chini. Inchi moja ni milimita 25.4, gawanya kwa 16, zidisha kwa 7, unapata 11.11. Tofauti ni moja ya kumi ya milimita tu, lakini chuma hakibembelezwi. Ile ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 huingia, ila imelegea, na ukiilazimisha hukata pembe za nati. Sehemu za kawaida na desimali, ambazo vijana huziona kuwa adhabu iliyobuniwa na walimu, ghafla zikawa na mwenyewe. Siku hiyo walitengeneza jedwali kamili la kubadili vipimo na kulibandika kwenye nguzo ya kibanda.

Siku nyingine tulipima injini baada ya kufungua kichwa chake. Kipenyo cha silinda ni sentimita 9.047 na mwendo wa pistoni ni sentimita 8.89. Kwa kutumia kanuni ile ile ya mche duara iliyomo katika kila kitabu cha hisabati cha sekondari, eneo la duara ni sentimita za mraba 64.28; zidisha kwa mwendo, kisha kwa silinda 4, unapata sentimita za ujazo 2286. Hiyo ndiyo namba rasmi ya ujazo wa injini hii katika kitabu cha mtengenezaji. Nilikuwa nimekificha kitabu hicho kwa makusudi. Nilipokifungua na kuwaonyesha, walipiga makofi, na sijui ni lini mara ya mwisho nilisikia makofi kwa ajili ya mche duara.

Sasa nifike kwenye kiini cha maoni yangu, ambacho si kemia wala hisabati. Andalio la somo, kama tunavyolifundisha vyuoni, lina jibu tayari katika mstari wa mwisho. Mwalimu anajua, mwanafunzi hajui, kazi ya dakika 40 ni kulivusha jibu toka upande mmoja hadi wa pili. Mpango huu una mahali pake, nami sitaki kuuvunja. Lakini humnyima mwanafunzi nafasi ya kumwona mtu mzima mwenye elimu akiwa hajui, na akitafuta. Mbele ya gari lililoliwa na kutu mwalimu hana andalio. Injini yangu ilipokataa kuzunguka sikujua kama ni ringi za pistoni zilizoshika, au vali, au kitu kilichoanguka ndani. Ilibidi kukisia, kupanga makisio kwa utaratibu wa lipi rahisi kulipima, kulipima, kulifuta, na kwenda la pili. Tulitoa plagi, tukamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukangoja wiki. Tulipozungusha tena ilisogea kidogo, ikakwama mahali pale pale. Basi tukajua kwamba si silinda zote. Kwa kufungua kichwa tulikuta mbili ni safi, moja ina kutu nyepesi, na ya nne, iliyokuwa karibu na vali iliyobaki wazi kwa miaka yote hiyo, imeshika barabara.

Waliokuwapo waliona jinsi mawazo yanavyokwenda. Hiyo ndiyo mbinu ya sayansi ambayo sisi huiandika ubaoni kwa vichwa vya habari: tatizo, dhana, jaribio, matokeo. Katika miaka yangu ya ukufunzi nimesahihisha vichwa hivyo mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Mara nyingi matokeo yalikuwa yameandikwa kabla ya jaribio.

Ni lazima nizungumzie upande wenye giza, maana bila kuusema hoja yangu itageuzwa kuwa kitu nisichokitaka. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, na ilipotiliwa mkazo na Azimio la Musoma la mwaka 1974, shabaha ilikuwa kuunganisha kazi na akili. Katika shule nyingi ilitekelezwa kwa moyo. Katika nyingine, kila aliyesoma miaka hiyo anajua, kazi ilibaki na akili ikaondoka: watoto walilima shamba bila kuambiwa kwa nini mbegu hupandwa kwa nafasi ile, na pengine shamba lenyewe lilikuwa la mwalimu. Walichota maji, walibeba kuni, na kazi ikawa jina lingine la adhabu. Wazazi wengi waliposikia neno "elimu ya kazi" walifikiria jembe na fimbo. Doa hilo halijafutika, na mkondo wa amali utalirithi tusipoangalia.

Kwa hiyo nasema wazi: gari la mwalimu ni mali ya mwalimu. Mwanafunzi hapaswi kulikwangua kutu Jumamosi nzima ili mwalimu apate usafiri. Kwangu nilijiwekea sharti kwamba vijana waje kwa hiari, wazazi wao wakijua, na wafanye yale tu ambayo mtu hujifunza kitu kwa kuyafanya: kupima, kuchora, kugonga na kusikiliza, kufungua sehemu moja na kuirudisha. Kazi ya kukwangua meta mbili za chasisi kwa brashi, ambayo baada ya dakika kumi haina somo jipya, niliifanya mwenyewe. Mahali pake hasa ni gari lililo mali ya shule, lenye daftari la kazi na lenye kuandikwa jina la kila aliyeligusa.

Usalama nao si wa kutajwa kwa sentensi moja. Gari lililoinuliwa kwa jeki halitambaliwi chini yake mpaka limewekwa juu ya stendi za chuma au magogo imara. Mawe na matofali hupasuka bila kutoa taarifa. Breki za magari ya miaka hiyo mara nyingi zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi, hivyo lisipulizwe wala kufagiwa likiwa kavu, bali lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na wanafunzi wakae mbali. Rangi za kale zaweza kuwa na risasi. Msasa utumike na maji. Tangi la petroli halichomelewi na mtu yeyote shuleni, hata likionekana kavu, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unatosha kuua. Nilipohitaji kuchomelea chasisi nilimpeleka fundi aliyezoea kazi hiyo, na vijana walitazama kwa mbali, bila kuukodolea macho mwanga wa umeme.

Nimeulizwa pia kuhusu wasichana, kwa sauti ya kuonyesha kwamba jibu linajulikana. Kazi ngumu kuliko zote kwa mkono ilikuwa kurekebisha nafasi ya pointi katika distributa, ambayo inatakiwa iwe takriban milimita 0.4. Hatukuwa na kipimo chake. Msichana wa kidato cha tatu alikata karatasi ya daftari, akaikunja mara mbili ili iwe tabaka nne, akaipitisha. Karatasi ya kawaida ni kama moja ya kumi ya milimita. Gari liliwaka kwa kipimo hicho.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mtu mwenye nafasi, mchezo wa matajiri wa Ulaya wanaong'arisha magari ya babu zao. Historia ya Afrika Mashariki inawapinga. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kujifunza ufundi wa magari katika gereji ya baba yake, alishinda mbio za East African Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Gari lilikuwa la mkono wa pili, likaandaliwa upya kwa mikono ya watu walioijua kila nati yake, likayashinda magari mapya. Na hapa kwetu, baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na vipuri havipatikani, nchi hii ilitembea juu ya mabega ya mafundi waliokata mipira ya chasisi kutoka katika tairi kuukuu na gasketi kutoka katika makasha ya karatasi ngumu. Kilichofanywa wakati huo kilikuwa utafiti, ingawa hakikuandikwa. Wengi wa mafundi hao sasa ni wazee. Mwalimu mwenye gari bovu ana sababu ya kwenda kuwauliza, na mzee mmoja mstaafu kijijini kwangu, aliyewahi kuendesha malori katika barabara kuu ya kaskazini wakati ilipokuwa vumbi tupu kati ya Dodoma na Babati, amenifundisha zaidi kuhusu giaboksi kuliko kitabu.

Niliongeze na hili kwa walimu wa Kiswahili. Gereji ni hazina ya istilahi. Neno "gari" lenyewe tumelipata kutoka Kihindi. "Usukani" ni neno la mabaharia, lililotoka Kiarabu, likihusu chombo cha kuongozea jahazi kabla halijapanda milimani. Na "difu", "shokapu", "rejeta" na "plagi" yamekatwa na ndimi za mafundi mpaka yakakaa vema katika sarufi yetu. Mpe mwanafunzi kazi ya kuyakusanya maneno hayo, kuyapanga katika ngeli na kuyaeleza kwa Kiswahili sanifu. Atajifunza uundaji wa maneno kutoka kwa watu wanaounda maneno kila siku.

Ninachopendekeza kwa vyuo ni kidogo. Kila mwanachuo wa masomo ya sayansi na ufundi afufue kitu kimoja kilichokufa kabla ya kuhitimu, na aandike daftari la kazi hiyo siku kwa siku, likiwa na makisio yake yote, yaliyotimia na yasiyotimia. Si lazima kiwe gari. Mashine ya kusaga, cherehani, baiskeli ya chuma au pampu ya kisima iliyonyamaza itatosha. Daftari hilo lihesabiwe katika alama zake sawa na mazoezi ya kufundisha.

Kwa halmashauri na taasisi nyingine ombi langu linahusu magari yaliyofutwa katika vitabu. Yapo katika nyua za ofisi, chini ya miti, mengine kwa miaka mingi. Mwisho wake ni mnada, na mara nyingi mnunuzi ni mfanyabiashara wa vyuma chakavu, ambaye huyakata kwa gesi na kuyapeleka kwa kilo kwenye viwanda vya kuyeyusha. Sina ugomvi na biashara hiyo. Hata vilima vya Irangi vina mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa wahenga, nao hawakutupa kitu. Lakini kabla tangazo la mnada halijabandikwa, shule zenye mkondo wa amali katika wilaya ziulizwe ni ipi inayohitaji gari moja, hata likiwa halina injini, hata likiwa na chasisi iliyotoboka. Mkuu wa shule naye asingoje kuulizwa. Aandike barua, ataje gari analolitaka na mahali lilipo, aambatishe jina la mwalimu atakayelisimamia na mchoro wa kibanda litakapokaa, aipeleke kwa mkono na kuchukua nakala yenye mhuri. Land Rover yangu bado inadai breki za nyuma na kioo kimoja cha mlango wa kushoto. Kibanda chake kina nafasi ya gari la pili, nami niko tayari kumwonyesha mwalimu yeyote vipimo vya kukijenga.